Kitale hadi Kisiwani na Barometa Kichwa Chini

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa nyuma ya msikiti ananiuliza jambo lile lile: "Yusufu, ilikuwaje?" Wengine wamesikia nilizama. Wengine wamesikia nilishikwa na bunduki. Kinyozi wangu anawaambia wateja kwamba nilipelekwa baharini kuongea na mvua, na kwa vile mwaka huu mvua ilikuja kwa kusuasua, wako wakulima wawili walioninunia. Basi naandika mara moja, msome wote, halafu mniache ninywe chai yangu.

Kwa wale watakaosomewa na hawanijui: mimi ni kibarua katika kituo cha hali ya hewa cha hapa Kitale, mwaka wa sita sasa. Kazi yangu ni kusoma. Nasoma joto, nasoma mvua kwenye mkebe wake, nasoma barometa, kile chombo cha zebaki kinachopima uzito wa hewa. Kila baada ya saa tatu naandika namba kwenye kitabu. Ni kazi ya heshima, ila wenzangu wengi wameandikwa kazi ya kudumu na serikali na mimi sijaandikwa.

Mwezi wa pili likaja ombi. Wanasayansi walikuwa wamepiga kambi kwenye kisiwa kidogo kaskazini ya Lamu, kisiwa kisicho na hata duka, wakichunguza jinsi upepo wa kaskazi unavyokoma na kusi kuanza. Walitaka kujua kama mgeuko huo unaweza kutuambia sisi wa bara masika yatafika lini. Walikuwa na vipimo vya umeme vya kisasa, lakini chumvi na joto vimevilewesha, kila kimoja kinasema lake. Walihitaji barometa ya zebaki ya kuamua ugomvi. Kitale tulikuwa nazo mbili.

Mkuu wa kituo, Mzee Barasa, aliniita. "Wewe ndiye unazisoma. Chagua moja uipeleke. Ikifika na ikasoma sawasawa, utabaki huko msimu mzima kama msomaji, na ukirudi unaandikwa."

Ya kwanza ilikuwa nyeusi, imechubuka, kama imenusurika moto. Ya pili ilikuwa ya shaba inayong'aa, imepigwa nakshi, namba zake safi. Tuliiita Bi Harusi. Ndiyo niliyoisoma miaka yote sita, maana iko karibu na dirisha. Sikufikiria mara mbili.

Kuna jambo moja zaidi la kueleza, nalo ni mama mkwe. Mke wangu Nafula ni Mbukusu wa Kimilili. Kwetu, watoto wa mjini tuliolelewa karibu na msikiti, mama mkwe ni mama. Ukimwona unamshika mkono na kuubusu. Kwa Wabukusu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawashikani mikono, hawaketi pamoja, hawapeani kitu mkononi, na mkikutana njiani mmoja wenu anaingia shambani. Haya nilielezwa baadaye. Siku ya kwanza nilimwendea mbio, mkono mbele, midomo tayari. Alikimbilia migombani, na hakutoka mpaka nilipopanda gari kurudi Kitale.

Tangu hapo alisema hatakanyaga nyumba yetu mpaka binti yake awe ameolewa na mtu aliyeandikwa. Miaka minne. Nafula amepaka ukuta rangi, ameshona vitambaa vya viti, amenunua vikombe ambavyo mimi siruhusiwi kunywea. Kila Jumapili anatazama langoni na kujifanya anatazama kuku. Mimi nilitaka kuandikwa kwa sababu zangu, lakini zaidi nilitaka langoni paingie mtu.

KITALE HADI NJIA YA MKATO

Barometa ya zebaki haisafirishwi kama mzigo. Ukiilaza na kuitikisa, zebaki inagonga kioo kama nyundo. Ukiisimamisha wima inavyosimama ukutani, hewa inaweza kuingia ndani, na ikiingia hewa, imekwisha. Ni lazima uiinamishe polepole mpaka zebaki ijaze bomba lote, uigeuze kichwa chini, na uibebe hivyo hivyo mpaka mwisho wa safari. Haipandi ndege pia, kwa sababu zebaki ikimwagika inakula bati la ndege. Kwa hiyo kutoka Kitale mpaka bahari ya Hindi, Bi Harusi alikuwa asafiri kwa barabara, kichwa chini, mikononi mwangu.

Alikuwa ndani ya mkoba mrefu wa ngozi wenye mkanda wa begani. Ubavuni mwa mkoba kuna kifuniko cha kufungua, ili mbebaji achungulie dirisha la namba. Maandishi yote juu yake yalikuwa yamepinduka. Hilo lilinitesa kuliko zebaki yenyewe, kwa sababu watu wetu ni wema. Hawawezi kuona maandishi yamepinduka na kunyamaza.

Stendi ya Kitale, makanga wawili wa matatu waliniambia kitu kile kitafungwa juu ya keria, pamoja na godoro na mbuzi. Nikaondoka. Mwishowe nikapata lori la mbolea linaloelekea Kimilili na Bungoma. Dereva aliitwa Mwangi, mtoto wa wakulima waliotoka Nyeri kuhamia Kiminini kabla sijazaliwa.

"Hiyo ni nini?" akaniuliza.

"Barometa."

"Iko na risasi?"

"Iko na zebaki."

"Basi kaa hapa mbele, lakini isiniangalie."

Nyuma, juu ya magunia, kulikuwa na abiria kadhaa waliotoka soko la Kitale. Sikuwatazama. Nilikuwa nimemweka Bi Harusi katikati ya magoti na kumkumbatia kwa mikono miwili. Mwangi alinunua mahindi ya kuchoma Kiminini, akala yake, akala na yangu kwa vile mimi sikuwa na mkono. Alinipa pole kwa hilo mara tatu, mdomo umejaa.

Baada ya kupita Kamukuywa akakumbuka kuna mteja wa magunia kumi ndani ndani huko. "Tunapita njia ya mkato," akasema. "Dakika ishirini tu, bana."

MATOPENI

Ilikuwa imenyesha asubuhi. Lori likaingia kwenye tope mpaka ekseli na kutulia, kama ng'ombe aliyeamua.

"Wanaume wote chini, tusukume!" Mwangi akapiga kelele. "Hata mtu wa serikali!"

Nikashuka na mkoba wangu. Nilihitaji mtu wa kumshikilia Bi Harusi. Wanaume wote walikuwa wamevua viatu tayari. Upande wa wanawake walikuwa wanne. Mmoja alikuwa mja mzito, aliposikia neno zebaki akasogea mbali. Wa pili akamfuata. Wa tatu, mama mnene mchangamfu waliyemwita Mama Rasto, alikuwa na mtoto mgongoni na jogoo chini ya kwapa. Wa nne alikuwa amenipa mgongo, sweta ya kijani, anakodolea macho shamba la mtu lisilo na chochote.

Ule mgongo niliufahamu. Ndio sehemu pekee ya mama mkwe wangu ninayoifahamu vizuri. Alikuwa ametoka kununua maharage Kitale, na tangu stendi alikuwa amekaa juu ya magunia nyuma yangu, bila shaka akitazama upande mwingine.

"Songa, tunakungoja!" Mwangi akanifokea.

Sikuwa na njia. Nilikiendea kigingi cha ua, nikamtundika Bi Harusi kwa mkanda wake, nikarudi hatua kumi na kugeuka. Nikasikia hatua kwenye majani. Nilipochungulia, mkoba ulikuwa umekumbatiwa na ile sweta ya kijani.

"Mwambie huyo kitu yake nimeshika," sauti yake ikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia kwa karibu.

Mama Rasto, aliyesimama katikati yetu, akanigeukia. "Anasema ameshika."

"Mwambie mama asante sana. Asiilaze, na asiigeuze, hata kama maandishi yamepinduka."

"Anasema usiraze, usigeuze."

"Mwambie mimi si kiziwi."

"Anasema yeye si kiziwi."

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini nilikuwa nimengoja miaka minne. "Mwambie nikifikisha chombo hiki kisiwani na kikasoma, nitaandikwa."

Mama Rasto akapeleka, jogoo naye akasema neno. "Mwambie akiandikwa," mama mkwe akajibu, "nitakuja kuona hiyo nyumba."

Nilisukuma lile lori kama ng'ombe wa kulima. Tulikata matawi, tukaweka mawe, Mwangi akazungusha magurudumu na kutupaka tope kutoka kichwani mpaka kwenye meno. Ilichukua saa nzima. Muda huo wote mama alisimama palepale, wima, mkoba kifuani, mvua ndogo ikimnyeshea. Hata kuegemea ua hakuegemea. Wakati mmoja niliona amefungua kile kifuniko cha ubavuni na kuinamisha shingo kichwa chini ili asome. Mama mkwe anauza maharage kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia, na hakuna kipimo kinachopita mbele yake bila kukaguliwa.

Lori likatoka, wanaume wakashangilia. Nikasogea hadi umbali wa heshima.

"Mwambie huyo," akasema, "hizi namba zinaisha hapa katikati, na hii chuma bado inaenda mbele mkono mzima. Sasa ikijaa kupita hapa, itasomwa wapi?"

"Anauriza ikijaa itasomwa wapi."

Wanaume kumi walikuwa wananitazama, na mimi ndiye mtu wa sayansi. Ukweli ni kwamba sikulisikia swali. Nilisikia tu muuza maharage akinikosoa mbele ya watu.

"Mwambie ni ya serikali," nikajibu.

Wanaume wakacheka. Mwangi akanipiga begani. Mama akautundika mkoba kwenye kigingi kwa uangalifu, akapanda juu ya magunia. Kimilili akashuka bila kugeuka.

BUNGOMA

Bungoma niliteremshwa sokoni, nikachukua boda boda ya baiskeli mpaka hoteli ya Bakari karibu na msikiti. Bakari ni binamu ya baba. Babu zetu walifika pande hizi pamoja na hakuna anayejua hasa kutoka wapi. Jamaa wa baiskeli aliendesha kwa mkono mmoja, mwingine akisalimia mji mzima.

"Niaje! Nimebeba daktari!"

Sijui udaktari aliutoa wapi, lakini ulinitangulia kufika. Nilipoketi, Bakari alikuwa ameambiwa. "Inapima nini hiyo?"

"Presha. Lakini ya hewa."

Hilo la hewa halikusikiwa na mtu. Mzee mmoja akakunja mkono wa shati na kunisogezea. Mama muuza samaki akasema amekuwa akipanga kwenda Lugulu hospitalini lakini Lugulu ni mbali, na Mungu amemletea mashine hapa hapa. Nikaeleza. Nikaeleza tena. Foleni ikafika mlangoni. Mwishowe nikashika mikono ya watu sita, nikachungulia kioo, nikawaambia wote wako sawa na wapunguze chumvi. Mzee wa kwanza alidai apimwe mara ya pili, kwa sababu mke wake humwambia hayuko sawa.

Basi langu lilikuwa liondoke saa nane mchana. Dereva alikuwa ameenda matangani Chwele. Saa tisa akaripotiwa ameonekana akila. Saa kumi akaripotiwa anatoa hotuba. Bakari aliniletea kuku wa kukaanga na ugali wa wimbi, sahani juu ya sahani, na mimi, nikiwa na mkono mmoja huru, nikala kama mtu anayeficha kitu.

Alasiri ilipofika nikamwachia Bakari mkoba, nikamwapisha, nikaenda kuswali. Niliporudi nikamkuta Bi Harusi amesimama wima juu ya meza, maandishi yakisomeka vizuri, na mke wa Bakari akimfuta vumbi.

"Walikuwa wamekuwekea vibaya," akaniambia kwa huruma. "Nimerekebisha."

Nilifungua kifuniko haraka. Mstari wa zebaki ulikuwepo, safi, bila povu la hewa. Ulikuwa umepanda mpaka karibu kabisa na namba ya mwisho juu, mia sita na hamsini. Nikafurahi sana. Bungoma iko chini kuliko Kitale, na ukishuka hewa inakuwa nzito na zebaki inapanda. Kumbe chombo kinafanya kazi barabara. Nikamshukuru mke wa Bakari, nikamgeuza Bi Harusi kichwa chini polepole, nikanywa chai.

Nawaomba muirudie sentensi hiyo ya kupanda mara mbili. Mimi niliifikiria, nikaielewa, nikanywa chai.

BUNGOMA HADI BAHARINI

Dereva alikuja na mabaki ya pilau kwenye karatasi, tukaondoka. Bi Harusi alikuwa na kiti chake, nimemfunga kwa leso ya Nafula. Mhubiri aliyekuwa kiti cha nyuma aliuliza kama ni mgonjwa. Nikasema ni mali ya ofisi. Akamwombea hata hivyo, kwa sauti, na abiria wakaitikia amina.

Nairobi nilibadilisha basi. Mombasa nilibadilisha shati. Kutoka hapo mpaka Lamu nilijifunza kwamba sijui Kiswahili. Bara, kwa kuwa naitwa Yusufu na nimezaliwa karibu na msikiti, watu huniona Mswahili wa kutoka maji chumvi. Pwani walinisikia nikisema maneno matatu wakaniuliza natoka mlima gani. Mwenye kioski cha Lamu aliniletea wali wa nazi na samaki mzima mwenye macho, nikamwomba ugali. Akamwita mkewe atoke nje anione.

Boti ya injini ilituchukua asubuhi, saa tatu. Ilikuwa ile miezi ya tanga mbili, kaskazi imechoka na kusi haijaanza, bahari imelala kama maji ya beseni. Nahodha alisema hajawahi kuiona imetulia hivyo. Nilitapika njia nzima. Mkono mmoja ubavuni mwa boti, mwingine umemkumbatia Bi Harusi, na nahodha akinisihi, kwa wema kabisa, nimruhusu akiweke sawa kile kitu changu kwa sababu kimepinduka.

KISIWANI

Kambi ilikuwa mahema manne, tangi la maji, mitungi ya gesi ya kujazia maputo, na choo chenye mandhari nzuri kuliko hoteli yoyote ya Kitale. Kila baada ya saa sita wanarusha puto lenye kipimo kidogo, linapanda kupita mawingu likiwatumia habari za upepo. Kiongozi wao alikuwa Dakta Salma, mwanamke mfupi wa Mombasa mwenye miwani na kandambili. Alinipokea kwa mikono miwili, halafu akaupokea mkoba kwa heshima zaidi.

"Kutoka Kitale kwa barabara, na hakijavunjika?" akauliza. "Wewe bwana umebarikiwa."

Kila mtu alitoka hemani. Nilimpandisha Bi Harusi kwenye kigingi chake, nikaanza kumgeuza polepole, kama nilivyofundishwa. Kitale ukigeuza, unaona zebaki ikishuka na mstari unatokea dirishani. Hapa nilingoja mstari. Dirisha lilikuwa jeupe la fedha, juu mpaka chini. Nikagonga kwa kidole. Fedha tupu. Nikasema labda imekwama kwa ajili ya boti.

Dakta Salma akasogeza miwani, akatazama namba. Akaweka kidole kwenye ile ya mwisho.

"Mia sita na hamsini," akasema polepole. "Bwana Yusufu, hapa baharini zebaki inasimama mia saba na sitini. Hii imetengenezwa kwa vituo vya milimani. Zebaki iko huko juu ndani ya shaba, mahali pasipo dirisha."

Bi Harusi alikuwa mzima. Hakuwa na ufa, hakuwa na povu. Alikuwa anafanya kazi yake vizuri kabisa, mahali ambapo hakuna mtu anaweza kumwona. Miaka sita nimemsoma, mara nyingi kuliko nilivyosoma kitu kingine chochote duniani, na sikuwahi kuangalia namba zake zinaishia wapi. Sikuwa na haja. Kitale huwa hazifiki huko. Ile nyeusi iliyochubuka ilikuwa na namba mpaka juu kabisa, na hilo nililikumbuka palepale, bila kuulizwa.

"Nani aliichagua hii?" Dakta Salma akauliza.

Nilikuwa na uongo wa aina tatu, wote mzuri. Mzee Barasa alikuwa mbali na asingesikia. "Mimi," nikasema.

"Na njia yote hiyo, kutoka huko kwenu mpaka hapa, hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza?"

Nikaiona ile sweta ya kijani, shingo imeinama, mvua inanyesha.

"Mmoja aliuliza."

"Nani?"

"Mama mkwe."

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba ni ya serikali."

Alicheka mpaka akavua miwani. Wanafunzi wake wakacheka, mpishi akacheka, na mimi nikacheka kidogo ili nisionekane nalia. Kisha akaacha kucheka, akaifuta ile miwani kwa pindo la leso yake.

"Huyo mama," akasema, "ndiye ningemwandika. Wewe siwezi. Msomaji wangu lazima awe mtu anayesikia swali."

Boti ya kurudi ilikuwa baada ya siku nne. Niliwasaidia kujaza maputo. Ni kazi tamu, puto linavuta mkono kama mtoto anayetaka kwenda sokoni, halafu unaliachia. Kila nililoliachia nilimfikiria Nafula na vikombe vyake. Nilijisikia mjinga, na kwa vile kisiwa hakina pa kwenda, nilijisikia mjinga pale pale kwa siku nne.

Wiki tatu baadaye ile barometa nyeusi ilipelekwa na kibarua mwenzangu, Simiyu. Imesoma tangu siku ya kwanza. Msimu umekwisha, amerudi, ameandikwa.

KURUDI KIMILILI

Bi Harusi ni mali ya ofisi, kwa hiyo nilirudi naye vilevile, kichwa chini. Bungoma nilipita kwa haraka maana yule mzee alitaka kupimwa tena. Ningeweza kwenda moja kwa moja mpaka nyumbani. Lakini Kimilili ilikuwa siku ya soko, na nilijua kwamba nikifika Kitale kwanza nitapata maneno mazuri ya kujitetea.

Nilimkuta kwenye maharage yake, Mama Rasto pembeni akiuza vitunguu. Mama aliponiona akageukia upande wa posho mill, kinu cha kusagia mahindi. Nikasimama hatua kumi, macho chini.

"Mama Rasto, mwambie mama aliuliza vizuri."

"Anasema uriuriza vizuri."

"Mwambie namba zilikuwa zinaishia pale kweli. Zebaki ilijaa ikapita, haikusomeka. Mimi sikujua, na yeye alijua. Nimekosa ile kazi. Siandikwi."

Mama Rasto alipeleka yote, kwa sauti ya mnada, mpaka wauza viatu wakanyamaza. Mama mkwe alikuwa anampimia mtu gorogoro. Mkono ukasimama juu ya mkebe.

"Mwambie, hao wakubwa wa baharini walisema nini?"

"Mwambie walisema angekuwa yeye ndiye wangemwandika."

"Mwambie arudie."

Nikarudia. Soko likalipuka. Mtu akapiga kigelegele. Mama mkwe aliangalia chini kwenye maharage muda mrefu, mabega yakitikisika, na ilinichukua muda kutambua kwamba anacheka. Alipomaliza akajaza gorogoro mpaka likawa na kilima, akalimimina kwenye mfuko, akampa Mama Rasto.

"Hii ni ya Nafula. Mwambie ampelekee. Na amwambie Jumapili nakuja."

"Lakini sijaandikwa!" nikasema, moja kwa moja kwake, bila kupitia mtu. Mama Rasto akashika mdomo.

Mama mkwe akaitazama posho mill. "Mwambie, kwani nimemuuliza?"

KITALE

Mila inasema akija yeye, mimi natoka. Jumapili ile Nafula alinitoa saa mbili asubuhi, hata chai sijamaliza, na akaniamuru nisionekane mpaka saa kumi na mbili jioni. Nilishinda kituoni. Haikuwa zamu yangu. Nilisoma kila kitu kinachosomeka, na Mzee Barasa akaniuliza kama nimegombana na mke.

Niliporudi nilimkuta Nafula mlangoni, ameshika sahani aliyokuwa hajaiosha. Mama yake alikuja na kuku hai, ili achinjwe Kiislamu. Alikagua vyumba vyote viwili, akachungulia chini ya kitanda, akasema mapazia ni mafupi. Alikunywa chai kwenye vile vikombe, vikombe viwili. Halafu akalala usingizi kwenye kiti changu, mdomo wazi, kama mtu aliye kwake.

"Amelala saa nzima," Nafula akaniambia, na akaanza kulia, akicheka. Nikaichukua sahani. Nami machozi yalinitoka, nimeshayasema, msinitanie.

Kazi nimeikosa na inaniuma mpaka leo. Nikimwona Simiyu na viatu vyake vipya natafuta njia nyingine. Sitawadanganya kwamba nilichopata kinazidi nilichokosa. Ningependa vyote viwili. Lakini Jumapili ile, kwa mara ya kwanza tangu nioe, nilifukuzwa nyumbani kwangu kwa heshima zote, na Nafula ameniambia nijiandae kufukuzwa tena mwezi ujao.